Bia ya Ngano kwenye Chungu cha Wakwe

Nilimnywesha Shemasi Hyacinthe bia siku ya mahari ya binti yangu, mbele ya mke wake na kanisa lake. Nilimwambia ni mutobe, maji matamu ya ndizi. Akaamini, akashika mrija, akavuta.

Nilijua ninachofanya. Niliipanga Buffalo, nikaibeba kwenye gari hadi Columbus, na njia nzima nilikuwa naimba.

Kama leo ndiyo unanisoma kwa mara ya kwanza, mimi ni Nshombo, mtu wa Kabare, Kivu ya Kusini. Shule niliacha darasa la tano. Nilipita kambi ya wakimbizi, nikaletwa Louisville pamoja na mke wangu Esperance na binti yetu Chimène. Tulipanga nyumba Beechmont, kwenye mtaa ambao ukipiga chafya jirani anakupa pole kwa Mashi, lugha ya kwetu.

Waliokuwa nami juma lililopita wanajua kilichofuata. Hyacinthe aliingia jikoni kwangu kuomba chumvi, akaona chupa za bia juu ya friji. Jumapili akasimama kanisani akanitaja kwa jina. Nikatengwa. Esperance alikufa nikiwa bado nimetengwa, na Hyacinthe akawaambia waumini kwamba nyumba yenye pombe haikaliwi kilio.

Wakamsikiliza.

Kwetu kilio ni watu. Wanaimba, wanapika, wanalala sakafuni kwako mpaka usahau kidogo kwamba umeachwa. Mimi nilikaa na viti vya kukodi vimekunjwa ukutani. Jeneza la mke wangu lilibebwa na Wamarekani niliofanya nao kazi ghalani, watu ambao hata jina lake lilikuwa linawashinda.

Nikaondoka Louisville. Nilipata kazi ya kiwanda Tonawanda, nikapanga chumba Buffalo. Chimène akaenda Columbus kuhudumia wazee. Tuliishia pale aliponipigia simu.

"Papa, kuna mtu anataka kuja kukusalimia."

"Mtu gani?"

"Anaitwa Jean-Baptiste."

"Wa nani?"

Nikasikia mtoto wa jirani yake analia ng'ambo ya ukuta.

"Wa Papa Hyacinthe."

Nilikaa chini.

"Papa, usikate. Alikuja kwenye mazishi ya Mama. Baba yake alimkataza, yeye akaja. Alibeba jeneza."

"Waliobeba walikuwa Wamarekani."

"Yule wa nyuma, mwenye kofia ya sufi."

"Nilidhani ni mtu wa kampuni ya mazishi."

"Ndiye Jean-Baptiste."

Mtu mwenye moyo mzuri angelia hapo. Angesema, bon, Mungu ameleta dawa nyumbani mwa aliyenijeruhi. Mimi niliuliza swali moja tu.

"Baba yake atakuja kwenye mahari?"

"Lazima aje, Papa. Ni baba."

"Basi nimekubali. Mwambie aje. Na chungu kiwepo."

Alifurahi sana. Hakuniuliza kwa nini nimetaja chungu.

Nieleze. Kwetu wazazi wawili wanapooana, yaani watoto wao wanapooana, wanavuta kutoka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Mwenyeji anaanza. Watu wa Kivu wanaogopa karuho, ile sumu ya polepole inayokuua wakati aliyekuwekea ameshakuja kukupa pole. Donc mwenyeji anavuta kwanza, anameza, mgeni anamwangalia koo. Akimeza, mgeni naye anavuta. Mgeni akikataa, amekataa ukoo.

Zamani chungu kilikuwa na kasiksi, bia ya ndizi. Siku hizi, kwa sababu ya kanisa, kinajazwa mutobe, maji ya ndizi matamu yasiyochachuka, ambayo hata mtoto anakunywa. Lakini sheria ya mrija haikubadilika. Na wanaotazama wanatafuta sumu. Hakuna anayetafuta pombe.

Wakati huo sikuwa na mpango, nilikuwa na hasira tu. Mpango niliupata kwa Gitonga.

Gitonga ni Mkenya wa Meru. Alikuja Buffalo kusoma uhandisi, akamaliza, na sasa ni msimamizi wa zamu yetu pale Tonawanda. Jumamosi moja mchana tulipotoka kazini alinishika bega.

"Mzee Nshombo, leo una uso wa mtu anayetafuta mtu wa kupiga. Twende nikununulie kitu."

"Bia zilishaniponza."

"Hii si ya kuponza. Hii ni ngano, mzee. Ni kama chapati, tofauti ni kwamba haitafunwi."

Alinipeleka mjini, kwenye baa ya wajukuu wa Wajerumani. Ukutani kuna picha za wazee wenye masharubu na kaptula za ngozi. Mhudumu akaleta chupa mbili na glasi ndefu, nyembamba chini, pana juu, na kwenye ukingo wa kila glasi kipande cha limau.

"Dada, hapana," Gitonga akasema, akavitoa vipande vyote viwili. "Limau inaua povu. Mjerumani akiona hii anaweza kulia."

"Sasa wewe ni Mjerumani wa wapi?" nikamuuliza.

"Wa Meru ya juu. Nyamaza uone."

Aliinamisha glasi, akamimina polepole, bia ikateleza ukutani mwa glasi. Kabla haijaisha akaacha kumimina. Akailaza chupa mezani, akaibiringisha kwa kiganja kama mtu anayesukuma unga. Kisha akamimina kilichobaki, na kikashuka kizito, cheupe, bia nzima ikawa na ukungu. Povu likasimama juu ya glasi kama kilemba.

"Hamira inalala chini," akasema. "Usipoiamsha umekunywa nusu. Onja."

Nikaonja. Nikairudisha glasi mezani.

"Vipi? Mbaya?"

"Wametia ndizi."

Gitonga akacheka mpaka watu wakageuka.

"Hakuna ndizi humo. Wale wa Bavaria ukitia tunda kwenye bia wanakuona mchawi. Ni maji, ngano, shayiri, hopi na hamira. Period."

"Gitonga, baba yangu alikuwa mpishi wa kasiksi. Nimekulia pembeni ya muvure, lile hori la kukandia ndizi. Usinifundishe ndizi."

"Ni hamira inafanya hivyo, mzee. Hamira yao tu. Na karafuu, umeisikia?"

Nikanywa tena, taratibu. Kweli. Ndizi iliyoiva sana inakuja mbele, karafuu inafuata, kisha mkate mbichi, na mwisho uchungu mdogo ambao unaondoka kabla hujaulalamikia. Ilijaa mdomo. Ilishuka bila kukwaruza.

Baba yangu alifukia ndizi shimoni mpaka ziive, akazikanda na majani kwenye muvure, akakamua. Maji yale kabla ya kutiwa unga wa mtama ni mutobe. Yakitiwa unga na kuachwa, yanakuwa kasiksi. Na hapa, upande wa pili wa dunia, Mjerumani ambaye hajawahi kuona mgomba amefika mahali palepale kwa ngano. Ukungu uleule. Rangi ileile. Harufu ileile.

Hapo nikaacha kuonja, nikaanza kufikiri.

"Povu likiisha, inabaki vipi?"

"Inakuwa kama juisi tu. Lakini mwendawazimu gani anangoja povu liishe?"

"Na nguvu yake inaondoka?"

"Nguvu iende wapi? Inabaki mle mle." Akaniangalia. "Mzee, unafikiria nini?"

"Mahari ya binti yangu."

"Congrats!" akasema, akagonga glasi yake kwenye yangu.

Nilinunua katoni kadhaa, nikazifunika kwa blanketi nyuma ya gari, nikashika njia ya Columbus.

Chimène alikuwa ameagiza mutobe kwa Mama Uwineza wa mtaa wa Linden, mama anayewatengenezea watu wote wa kwetu. Nikamwambia binti yangu aendelee na nywele zake, mutobe nitaufuata mwenyewe. Kazi ya baba. Nikauchukua. Nikaegesha nyuma ya ukumbi tuliokodi, nikafungua chupa, nikaziamsha hamira moja moja kama nilivyofundishwa, nikamimina kwenye ndoo. Nikahamisha kutoka ndoo hadi ndoo mpaka povu likachoka na gesi ikakata tamaa. Kisha nikatia mutobe wa Mama Uwineza, kiasi cha kuficha ule uchungu wa mwisho.

Nikaonja. Baba yangu mwenyewe angedanganyika.

Chimène akatokea mlangoni, amevaa kitenge cha rangi ya dhahabu, marehemu mama yake mtupu. Akaniambia kwa Kiingereza, lugha anayoitumia akiwa hataki mchezo, kwamba leo ni siku yake, si yangu na Papa Hyacinthe. Halafu akarudi kwenye Kiswahili.

"Niahidi, Papa."

"Nini?"

"Kwamba hutaanzisha mambo."

"Mimi? Mimi nimekuja kuvuta mrija tu."

"Papa. Niahidi."

Nikaahidi. Ndoo zilikuwa nyuma yangu.

Wakaja. Walijaza mabasi mawili kutoka Louisville: kwaya, wazee, mama wa maombi. Nilishangaa kwa nini Hyacinthe amebeba kanisa karibu lote. Nikashukuru. Kadiri macho yanavyokuwa mengi ndivyo inavyonoga. Karibu kila mmoja alikuwa na simu mkononi anarekodi, kwa ajili ya waliobaki.

Msemaji wetu, Bisogo, ni mtu wa maneno. Akasimama.

"Ninyi wa Louisville, mmefika hapa kwa GPS au kwa Roho Mtakatifu?"

Msemaji wao akajibu, "Vyote viwili, mheshimiwa. Lakini GPS ndiyo iliyotupoteza."

"Na mnatafuta nini?"

"Kuna ua hapa, tumelisikia harufu kutoka Kentucky."

"Kutoka Kentucky? Basi hiyo si harufu ya ua, hiyo ni kuku wa kukaanga!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka. Hyacinthe alikuwa amekaa mbele yangu, suti ya kijivu, tai imembana, mikono juu ya magoti. Hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu mwenye neno mdomoni. Nikasema moyoni, limeze.

Kikaletwa chungu. Wakapiga vigelegele. Nikashika mrija wangu, nikavuta, nikameza, nikafungua mdomo ili waone hakuna kitu. Kila jicho kwenye koo langu.

"Mkwe," nikasema, "ni mutobe wa Linden. Karibu."

Hyacinthe akainama. Akavuta.

Akakatisha mvuto.

Nikaona macho yake yanapanuka. Nikajua ameshajua. Nikangoja ateme. Nilikuwa nimejiandaa kwa kutema: angetema, angepiga kelele, nami ningesema maneno yangu.

Hakutema. Akameza. Akasogea karibu, mdomo kwenye mrija, akanong'ona.

"Nshombo. Hii ni bia."

"Ndiyo."

"Ya ndizi?"

"Ya ngano. Ya Wajerumani."

Akafumba macho.

"Nakuomba. Usiseme."

Na akavuta tena. Safari hii mvuto mrefu.

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningekuwa nimemshinda, yeye na mimi tukijua, na Chimène akiolewa. Nililipima jambo hilo kwa pumzi moja. Kisha nikakumbuka viti vilivyokunjwa ukutani.

Nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "mnamwona shemasi anavyokunywa? Huo si mutobe. Ni bia. Aliyewakataza kukanyaga kwenye kilio cha mke wangu kwa sababu ya bia, anaivuta mbele yenu kwa mrija. Rekodini vizuri."

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Yesu wangu." Mwingine akacheka, kisha akajiziba mdomo. Bisogo akasema, "Nshombo, kaa chini," lakini hakuna aliyemsikia.

Sitawadanganya. Nilijisikia vizuri. Vizuri kama mtu aliyevua kiatu kilichombana miaka. Nikageuka kumtazama Hyacinthe, nione uso wake ukianguka.

Alikuwa bado anavuta.

Watu wamesimama, simu zimemwelekea, jina lake linatajwa, na yeye ameinama juu ya chungu kama hayupo. Mtu aliyedanganywa hutupa mrija. Huyu alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili. Ukumbi mzima tukasikia mrija unakoroma, chungu kinakauka.

Mke wake, Veridiana, akakimbia, akapiga magoti, akamshika mkono.

"Papa Jean-Baptiste. Acha. Acha, nakuomba."

Akamsukuma kwa kiwiko. Mbele ya watu. Shemasi.

Veridiana akanusa chungu. Kisha akaniinulia uso. Nilitegemea matusi. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nshombo, unajua kwa nini aliziogopa chupa zako?"

"Kwa sababu ya utakatifu wake."

"Kambini tulikuwa na binti, Irakoze. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Moto wa kupikia ulishika hema. Baba yake alikuwa ndani na mtoto, amelewa, amelala. Majirani walimvuta yeye miguu. Walidhani yuko peke yake."

Akamshika mume wake bega, akaendelea.

"Hakugusa tena. Hata dawa ya kikohozi ananusa kwanza. Siku alipotoka jikoni kwako alirudi anatetemeka. Aliniambia, Mama Jean-Baptiste, sikuona dhambi ya Nshombo, niliona chupa, nilitaka kuziiba."

"Angeniambia," nikasema.

"Akuambie nini? Kwa mdomo upi?"

"Na mke wangu? Ndiyo sababu ya kuzuia watu wasimlilie?"

"Hapana. Hapo alikosa. Nilimwambia alikosa, tukagombana, mwanangu akahama nyumba kwa sababu hiyo." Akafuta uso kwa kitenge. "Unafikiri mabasi mawili ya watu ni ya kuchukua msichana mmoja? Alikuja nao ili akuombe msamaha mbele yao wote. Baada ya chungu. Alisema kwanza tuvute, tuwe ndugu, ndipo nitapata nguvu ya kusema."

Nikarudi kwenye kiti changu.

Hyacinthe akainuka. Mdomo umelowa, tai imeingia chunguni imelowa pia. Akatazama watu kama anawahesabu, kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa.

"Imebaki?"

Jean-Baptiste akamshika baba yake kiunoni, akamtoa nje. Kanisa likafuata, hakuna aliyeaga. Baadaye kijana akarudi peke yake, akasimama mbele yangu na kofia yake mkononi.

"Nilimbeba Mama Esperance," akasema, "na ningembeba tena. Wewe sijui nikuite nani."

Chimène hakulia. Alivua shanga shingoni, akaziweka mezani karibu na chungu.

"Uliniahidi," akasema.

Akatoka nyuma ya Jean-Baptiste.

Nikarudi Buffalo. Nilimsimulia Gitonga, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Nilikuonjesha kitu ninachokipenda," akasema, "ukaenda ukamtegea nacho mtu?"

"Hujui alichonifanyia."

"Najua. Umeniambia kila siku." Akachukua chakula chake, akahamia meza nyingine.

Simu ya Chimène ikawa inaita bila kupokelewa. Nikapata habari kwa watu wa Beechmont: shemasi amevuliwa ushemasi, shemasi amefukuzwa kazi, shemasi ameonekana mchana kweupe kwenye kituo cha basi hajui nyumba iko upande gani. Habari za kwanza nilizipokea kwa raha. Nakiri. Za mwisho nilianza kuzisikiliza nimesimama.

Jumapili iliyopita, mchana, theluji inashuka, mlango ukagongwa.

Hyacinthe. Suti ileile ya kijivu, viatu vya kanisani vimelowa mpaka kifundoni. Amekuja kwa basi kutoka Louisville.

"Nshombo," akasema, "nimezunguka maduka yote. Sikujua jina lake. Ninaomba ile ya Wajerumani yenye ladha ya ndizi, wananipa vitu vya sukari vyenye picha ya nyani. Si yenyewe. Bon, nikasema niende kwa mwenyewe."

Nikamwingiza. Ningefanyaje? Nikamkalisha jikoni, nikamvua viatu. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimepauka kama majivu.

Simu ikalia. Chimène. Mara ya kwanza tangu ukumbini.

"Yuko kwako?"

"Yuko."

"Mama Veridiana alikuta risiti ya tiketi ya Buffalo. Jean-Baptiste ameshatoka Columbus, yuko barabarani, theluji imemzuia karibu na Cleveland. Mzuie hapo mpaka afike. Na usimpe kitu. Umenisikia, Papa? Hata tone."

"Chimène, mwanangu..."

Akakata.

Hyacinthe alikuwa amesikia. Akaanza kuvaa viatu vyake vilivyolowa.

"Nipe moja, nitakaa," akasema. "Nitakaa kama mtoto mpaka aje. Usiponipa natoka."

"Nje utakufa."

"Ninajua. Donc nipe."

Katoni moja ilikuwa imebaki kabatini, nyuma ya kichwa chake. Nikimpa, nimevunja neno la binti yangu mara ya pili. Nisipompa, anatoka na viatu vile kwenye theluji ile. Akasimama, akaweka mkono kwenye kitasa. Mimi nikasimama katikati ya mlango na kabati, na nikiwa nimesimama pale nilikuwa naihesabu bei ya kisasi changu, watu niliowapoteza.

Binti yangu, ambaye ananipigia tu kuuliza habari za mtu mwingine.

Kijana aliyembeba mke wangu wakati hakuna aliyetaka, ambaye hana jina la kuniita.

Gitonga, rafiki pekee niliyempata Buffalo.

Veridiana, ambaye amemzika mtoto kwa sababu ya pombe, na sasa anamtafuta mume kwenye vituo vya mabasi.

Adui yangu pia. Nilimbeba moyoni kama mzigo wa mawe, nikijua uzito wake na mahali ulipo. Aliyeshika kitasa changu si yeye. Huyu hata kumchukia siwezi.

Na Esperance. Siku ile, mbele ya watu wote wa kanisa lililomkataa, alikuwa aombwe msamaha kwa jina lake, na wao wangesimama wakamlilia. Walisafiri kutoka Louisville kwa ajili hiyo. Walirudi bila kumtaja.